Mkufu wa Mama na Chungu cha Shabu

Kotagede, Yogyakarta
11 Agosti 1996

Mpendwa mdogo wangu Wasinem,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado hajafa, ingawa najua huko Lampung mmeshanizika mara mbili kwa sababu sijibu barua. Goti lako linasemaje? Na shemeji Paiman, bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mmenunua trekta? Mimi mgongo unauma, macho yanaona waya mmoja kama miwili, na nimechoka, Nem. Nimechoka hata asubuhi, kabla sijafanya kitu cha kuchosha.

Mkufu wa Mama ulifika salama. Umesema mjukuu wako Ratri lazima auvae siku ya harusi kama ulivyouvaa wewe, na kama Mama alivyouvaa. Sawa. Lakini hukusema umekuwa hivi! Vipete vya mnyororo wake vimelika mpaka vimekuwa kama unywele, kifungo hakipo, na lile ua la katikati linaning'inia kwa shingo upande kama mlevi.

Mkamwana wangu Lestari akaniambia, "Baba, vipete vya mashine vimejaa madukani. Ya nini kujitesa?"

Nikamjibu, "Mimi na baba yangu tulikunja vipete kabla hiyo mashine haijabalehe."

Akacheka, akanipa miwani yake juu ya miwani yangu.

Basi nikanunua waya wa fedha kwa Jumakir, yule mvuta waya wa ng'ambo ya kichochoro. Nikauzungusha kwenye spoki ya baiskeli, ile ile ya Baba, mzunguko ukigusa mzunguko, nikakata, nikalehemu kimoja kimoja. Kazi ya siku mbili zamani. Safari hii nilitumia siku tisa, na vingine viliruka sakafuni nikavitafuta kwa magoti kama mtu anayetubu.

Ua nalo nikalilehemu, kisha nikatia vyote kwenye chungu cha maji ya shabu, dawa yetu ya kuondoa weusi wa moto, vichemke vitoke vyeupe. Nem, vilitoka vyekundu! Vyote, na ua la Mama pia.

Damu ikanipanda. Sikuuliza, sikufikiri. Nikavuka kichochoro na msuli wangu umelegea, nikasimama mbele ya wanawake wote waliokuwa wakingoja tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga. "Jumakir! Mwizi wewe! Umeniuzia shaba ukasema fedha!"

Jumakir hakuinua hata sauti. "Mzee Tukiran, fedha yangu haijawahi kuona haya. Labda imeiva uso baada ya kulala kwako."

Wanawake walicheka mpaka mkaangaji akaunguza tempe.

Niliporudi nyumbani, Lestari alikuwa ameshalitoa ua kwa kibano cha mwanzi. Akaligeuza taratibu. "Baba, na huu nao ni fedha?"

Ulikuwa waya wa chuma. Nililifunga ua nao lisicheze motoni, nikasahau kuufungua, nikalitumbukiza chunguni hivyo hivyo. Chuma ndani ya shabu, Nem, kinavuta shaba iliyoyeyuka majini na kuipaka juu ya fedha! Kosa la mtoto wa wiki ya kwanza. Wewe ulichapwa kwa kosa hilo ulipokuwa na miaka tisa, na mimi nikakucheka wiki nzima. Haya, cheka sasa. Ni halali yako.

Nilikaa kizingitini nikashindwa hata kuwasha sigara. Sikuogopa aibu, maana aibu nimeizoea. Niliogopa kwamba nimeharibu pambo pekee la Mama tulilobaki nalo, na kwamba mikono hii haina kazi tena.

Kesho yake nilikwenda kwa Jumakir na ndizi za kukaanga, mbele ya wanawake wale wale, nikasema kosa ni langu. Akazila zote kwanza, ndipo akasema, "Nimekusamehe, Mzee. Lakini matusi yalikuwa mengi kuliko ndizi." Kisha akaja kwangu na jiko lake. Tukachoma na kuchemsha upya kwenye shabu safi, mara tatu, tukasugua. Wekundu umetoka. Ukiangalia sana nyuma ya ua utaona doa moja. Usiangalie sana.

Mimi sitakuja harusini. Basi na feri ni vya watu wenye mgongo. Lestari ndiye atakayekuletea mkufu. Kifungo kipya nimekikunja kwa mkono, ncha nimeipiga msasa isimkwaruze bibi harusi. Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho ya waya, na usinibembeleze.

Kipete cha mwisho, cha kushikilia kifungo, nimekiacha wazi kwa makusudi. Shingo ya Ratri siijui. Mpime, halafu ukifunge wewe mwenyewe. Koleo dogo la Mama liko humo kwenye kifurushi cha mkufu. Sukuma ncha kwa upande, usizivute kuzitenganisha, la sivyo kitapoteza uduara wake. Mkono ukitetemeka usijali, vyote vilivyotangulia vimefungwa na mkono unaotetemeka.

Nisalimie Paiman, Ratri na huyo kijana wake mwenye bahati. Mungu awape nyumba yenye kelele za watoto, na wewe akupe goti jipya.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata nilipokucheka,

Tukiran