Mafuta ya Apa na Chemba ya Oksijeni

Mpendwa mshauri wetu, Saadat eje, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana jambo hili nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa, na kwenye maandishi angalau hakuna anayeniangalia usoni. Usinitaje jina, tafadhali, kwa sababu bibi yangu hukusikiliza redioni kila Jumapili akichemsha chai, na huwa anakujibu kwa sauti kana kwamba umekaa naye jikoni.

Nimemaliza shule mwaka huu hapa Karakol. Mwaka juzi nilianguka kutoka kwenye farasi tukiwa malishoni, kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika, mfupa ukaunga vizuri lakini mishipa ya fahamu haikupona, daktari anasema inaendelea kupiga kelele za moto wakati moto ulishazimika, na tangu hapo mguu unawaka mchana na usiku, shuka likiugusa nahisi nimemwagiwa maji yanayochemka, na siku ya kuagwa shuleni wenzangu walipofunga riboni nyeupe na kuvaa viatu vipya mimi nilikwenda na kiatu kimoja na kandambili moja, nikasimama nyuma ya mlingoti wa bendera ili nisionekane kwenye picha.

Basi mwezi huu daktari wa mishipa ya fahamu akasema tujaribu chemba ya oksijeni. Alisema tujaribu, hakusema utapona, na mimi nilimpenda kwa hilo kwa kuwa wengine wote wameniahidi. Chemba yenyewe ni ya chuma, kama pipa refu lililolazwa, ina dirisha la duara, unalala ndani peke yako na pajama ya pamba ya hospitali, mlango unafungwa, oksijeni inaingia na mgandamizo unapanda, masikio yanaziba vilevile kama lori la baba linaposhuka kutoka malishoni, na Zuura eje, muuguzi, anakaa nje ya dirisha akinielekeza kwa sauti kwenye kipaza. "Meza mate, binti! Piga miayo! Usione haya, humo ndani hakuna mchumba!"

Binamu yangu Temir ananiita samaki wa kopo. Aniite tu! Saadat eje, baada ya mara ya nne nilirudi nyumbani, nikalala, nikaamka asubuhi na shuka liko juu ya mguu wangu. Juu ya mguu! Nimelala nalo! Nililala hapohapo nikilitazama, naogopa hata kupumua lisije likakumbuka kuniunguza. Na juzi nimevaa soksi. Nimetembea na soksi hadi getini na kurudi, nikicheka peke yangu mpaka mbwa akanibwekea.

Shida ni Apa, huyo bibi yangu. Mimi ni mjukuu wa kwanza, kwa hiyo kwa desturi yetu Apa alinichukua tangu nilipoacha kunyonya, nimekua mikononi mwake, mama aliyenizaa namwita eje, yaani dada, kama ninavyokuita wewe. Mwezi huu wote Apa alikuwa juu malishoni na farasi wake. Aliposikia nimeingizwa kwenye chuma alishuka Alhamisi, katikati ya msimu wa kukamua maziwa ya farasi, amekumbatia mtungi wa mafuta ya mkia wa kondoo aliyoyeyusha mwenyewe. Tangu nivunjike, kila jioni tukiwa pamoja, Apa hunipaka mafuta hayo taratibu sana, akisema, "Si mkono wangu, ni mkono wa Umai Ene," yule Mama anayewalinda watoto, na ukisemewa maneno hayo huvuti mguu. Hakuna kwetu anayevuta mguu, maana ni kuukataa mkono wa Mama. Tena mkono wa Apa ndio mkono pekee ambao mguu huu uliwahi kuuvumilia.

Lakini Zuura eje aliniambia siku ya kwanza kabisa, huku akininusa nywele: "Hakuna mafuta. Ya nywele, ya midomo, ya mwili, yoyote. Hakuna nailoni, hakuna pini. Humo ndani chochote chenye mafuta ni kuni."

Alhamisi jioni Apa akakunja mikono ya gauni. Nikasema kwa sauti ndogo, "Apa, hospitalini wamesema..."

"Wamesema wanakupa hewa," akanikatiza. "Hewa! Kule juu hata farasi wanaivuta bure. Ungeniambia, ningekujazia gunia."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, na nikiwa nacheka mguu ukawa umeshapakwa. Ijumaa asubuhi nikampigia Zuura eje nikamwambia tumbo linaniuma, leo siwezi kuja.

"Pole," akasema. "Lakini Jumatatu uje. Kuna mtu anaisubiri nafasi yako, siwezi kuishikilia tena."

Jioni Apa akapaka tena, na akamwita jirani aje kuona. "Unaiona soksi hiyo? Mafuta ya mwaka huu yamekolea!"

Nimewaza hivi, nikubali kupakwa Jumapili jioni, halafu Jumatatu nikifika hospitalini niingie chooni nijifute kwa karatasi na maji ya moto, nivae soksi ya pamba, ninyamaze. Je, itatosha? Sitaki kumwumiza Apa, na sitaki kurudi kwenye mguu ule wa zamani kwa kuwa sasa nimeuonja huu mwingine. Nifanye nini?

Mwenye Soksi Moja, Karakol

*

Mwenye Soksi Moja, barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika kwenye lile shuka nikapiga makofi hadi fundi mitambo akanigongea kioo. Hongera, mwanangu. Hongera kwa shuka, hongera kwa soksi, na huyo mbwa mpe mfupa. Sasa kaa chini nikugombeze.

Karatasi ya chooni! Hivi akili yako umeileta mjini au uliiacha malishoni? Nilimpigia daktari anayesimamia chemba kama hiyo, nikamsomea mpango wako, akaniambia nikukataze leo hii. Mafuta ya mkia wa kondoo yanaingia kwenye ngozi na kucha, hayaondoki kwa kufuta harakaharaka. Na ndani ya oksijeni iliyoshindiliwa vile, kitu ambacho nje kingetoa moshi tu huwaka chote kwa pumzi moja, na cheche ndogo ya nguo kusuguana inaweza kutosha. Wewe umefungiwa ndani, na mlango haufunguki mpaka mgandamizo ushuke. Zuura eje amekaa dirishani anakutazama. Unataka akutazame ukiungua kwa sababu uliona haya?

Haya ni nzuri mezani na mbele ya wakwe. Kwa muuguzi haina kazi.

Kwa hiyo leo, si kesho, unampigia Zuura eje. Unamwambia tumbo halikuuma, mguu umepakwa Alhamisi na Ijumaa, na kama jana pia umepakwa unataja na jana. Yeye ndiye ataamua kama Jumatatu unaingia au unaoshwa na kusubiri, na atakavyoamua unakubali. Nafasi ya mtu aliyesema kweli hutafutiwa njia. Kama una dawa za kumeza, unaendelea nazo mpaka daktari wako aseme vingine. Na kumbuka alichokuambia: tujaribu. Mguu unaweza kuwa na wiki mbaya baada ya wiki nzuri, na daktari niliyempigia aliniambia wapo ambao chemba haikuwasaidia. Furahi kwa sauti, lakini usiingie mle ndani umeficha kitu.

Sasa kuhusu Apa. Unaniomba nisikutaje jina, kisha unanieleza kuwa anasikiliza, anapika chai, na ananijibu. Binti, Jumapili nzima iko mbele yangu na jikoni kwenu naletewa mpaka birika. Ungetaka asijue ungeniandikia hivyo? Umekuja kuazima mdomo wangu, nami nakuazimisha, mara moja tu.

Apa, salaam aleikum. Najua unanisikia, na najua umeshaanza kunijibu. Ngoja kidogo. Umewaacha farasi msimu wa kukamua ukashuka kwa ajili ya mguu mmoja, na hakuna daktari Karakol nzima aliyefanya hivyo. Lakini nisikilize: kila unapompaka husemi ni mafuta ya Umai Ene. Unasema ni mkono. Basi mtungi uweke juu ya kabati mpaka daktari aseme tiba imekwisha, na mkono uendelee. Siku ya chemba nawa kwa sabuni, kausha vizuri, nenda naye hospitalini, na pale mlangoni kabla hajaingia shika mguu wake kwa mkono mkavu useme maneno yako. Kisha kaa dirishani na yule muuguzi, umwonyeshe mjukuu wako namna ya kupiga miayo. Na ile hewa ya bure ya kwenu, Apa, ni nyepesi mno, ndiyo maana mgeni akipanda huko huhema kama mbwa. Gunia lako lisingetosha.

Nawe, Mwenye Soksi Moja, najua uko nyuma ya mlango na vidole mdomoni. Jikoni kumekuwa kimya ghafla, siyo? Apa hakugombezi. Anasubiri uje. Ingia, zima redio, weka mguu mapajani mwake ukiwa mkavu, na useme mwenyewe.