Fuvu la Sukari na Jani la Isale

Landover, Maryland,
9 Novemba 2025.

Mpendwa Shangazi Genoveva,

Shikamoo. Kabla ya yote, goti linaendeleaje? Nasikia umekataa fimbo, eti fimbo ni ya wazee. Shangazi, una miaka themanini na moja! Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza kuuma, na kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wameniongezea zamu, lakini nguvu ninazo, namshukuru Mungu.

Barua hii anakuletea Godlisten wa Machame, anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA wiki ijayo. Nimeamua kuandika kwa sababu ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu na kila mara nimeanza kurekodi jibu nikalifuta. Umesema picha ya Flaviana imezunguka mpaka kwenye jumuiya, kwamba mwanangu amejipaka sura ya fuvu kama frimasoni, na kwamba Krismasi hii asikanyage kaburi la kaka yako mpaka aombewe. Maneno hayo yameniuma. Mtoto ana miaka kumi na nne, na miaka yote hiyo anangoja kuiona Rombo.

Nisijifanye mwema: hata mimi nilishika taulo nikataka kumfuta. Alitoka bafuni uso mweupe pe, macho yamezungushiwa weusi, meno yamechorwa mpaka mashavuni. Nikapiga ishara ya msalaba. "Mom, relax," akaniambia, "hii ni ya Babu." Nikamfuata hadi ukumbi wa parokia, kwenye sherehe ya marehemu ya Wameksiko wa huku, nimefura kwa hasira.

Aliyenituliza pale ukumbini ni Refugio, mama wa Kimeksiko ninayefua naye mashuka kazini. Kwao, tarehe mbili Novemba, siku yetu ileile ya Marehemu Wote, watu huwatandikia wafu wao meza: picha, mishumaa, mikate, na maua ya rangi ya chungwa ili marehemu aione njia. Fuvu lipo kila mahali, tena linacheka. Halihusiani na shetani. Linakumbusha kwamba kila mtu analo chini ya ngozi, tajiri na mfua mashuka, na kwamba anayetajwa jina bado ni wa nyumbani. Yapo hata ya sukari. Wanaandika jina kwenye paji la uso, sherehe ikiisha watoto wanayala. Wanayala, Shangazi!

Basi kwenye meza ya namna hiyo, pale ukumbini, nikamwona Baba. Ile picha yake ya kofia, aliyopigwa siku ya kipaimara cha mdogo wangu Ezekiel. Mbele yake kichane cha ndizi, kikombe cha uji wa ulezi kwa kuwa pombe yetu ya mbege huku haipatikani, kopo la ugoro, na fuvu la sukari limeandikwa GERVAS. Habari za ugoro aliambiwa na nani? Na wewe, kwenye simu.

Zamu ya Flaviana kumtaja marehemu wake ilipofika, mtoto anayenijibu Kiingereza hata nikimwita kula alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema: "Huyu ni babu yangu Gervas, wa Rombo. Sijawahi kumwona. Babu, karibu, uji usipoe." Kisha ndipo akawatafsiria wenzake. Nililia bila haya. Unajua nilimzika Baba kwenye simu, mtandao ukikatika kila mara padre akifungua kinywa, kwa kuwa karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Miaka sita sikuwahi kumlilia vizuri. Mwanangu ndiye aliyeniwekea matanga. Najivunia, Shangazi, najivunia mpaka kazini wamechoka kunisikia.

Na tangu lini wewe ukaogopa fuvu? Tulikuwa jikoni tukimenya ndizi uliponisimulia jinsi mababu walivyomfukua mzee baada ya miaka, wakaliweka fuvu lake kwenye chungu chini ya mimea ya masale, pale pale kihambani kwenye migomba ya nyumbani, likielekezwa kilele cha Kibo. Ulisema walifanya hivyo ili asikae mbali na watoto. Baadaye tukaambiwa ni ushenzi, nasi tukaona aibu kulitaja jambo lenyewe. Flaviana hakuwahi kuisikia hadithi hiyo, lakini amefanya yaleyale ya mababu. Damu nzito kuliko maji.

Kosa langu nalikubali. Sikukueleza mapema, ukafedheheka mbele ya jumuiya nzima. Kwa hilo naomba radhi. Kwa alichofanya mtoto siombi.

Nisalimie Ezekiel na mkewe, mama Abigail wa dukani, na wote watakaouliza habari zangu. Mungu akuzidishie siku, akulainishie na hilo goti.

Ndani ya bahasha utakuta jani. Usilitupe ukidhani ni takataka, hata likifika limekauka. Ni isale. Huku linauzwa madukani kama pambo la sebuleni, wala hawajui wanauza nini. Flaviana amelikata, mimi nimelifunga fundo. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

Tunatua tarehe ishirini Desemba. Tuko wawili.

Mimi mwanao nikupendaye siku zote,
Adela