Maganda ya Shira na Harufu ya Dagaa

Mpendwa Shangazi Ida, naomba msaada wako hapo redioni, ila kwanza kaa vizuri kwenye kiti, maana shida yangu si ya kulia, shida yangu ni kwamba nimeshinda, nimeshinda kabisa, na sasa ushindi wenyewe umenikaa kooni, sijui niumeze au niuteme.

Mimi ni mzaliwa wa Lindi, nimeolewa hapa Makambako na dereva wa Fuso, mtu mpole kuliko gari lake, na tatizo langu halijawahi kuwa yeye, tatizo langu ni mama yake. Nilipoletwa hapa nilikuja na ufundi mmoja tu kutoka kwetu, nao ni maganda ya shira, yaani unachukua maganda ya machungwa, malimau na mabalungi, haya haya ambayo watu wanatupa, unayakata vipande vyembamba, unayachemsha, unamwaga maji, unayachemsha tena, unamwaga tena, mpaka uchungu uage wenyewe, ndipo unayatia kwenye shira ya sukari na iliki, moto mdogo, hadi yang'ae, halafu unayakausha na kuyagaragaza kwenye sukari, na kwetu Idi bila sahani ya hayo ni siku kama siku nyingine. Basi Ramadhani yangu ya kwanza hapa mama mkwe akanikuta nimeinamia ndoo ya muuza juisi wa jirani naokota maganda, akamwita mume wangu mbele ya wapangaji wote, akamwuliza, "Mwanangu, umeniletea mkwe au umeniletea mbuzi?" Watu wakacheka, Shangazi, na mimi nikacheka ili nisilie.

Na aliponiona namwaga maji ya kwanza ndiyo kabisa, akashika kiuno, "Maji ya kubeba kwa madumu unamwaga? Kwangu maji yakishaingia sufuriani hayatoki bure!" Nikaendelea, lakini mwaka ule hayakutoka vizuri kwa sababu ya kukausha, maana kwetu unaanika juani basi, ila Makambako jua lipo na upepo upo, na upepo wa hapa unakuja na vumbi la barabara kuu yote, ukianika kitu chenye sukari jioni unaanua udongo, na ukiyaingiza ndani baridi inayafanya yanate mpaka yanaota ukungu. Nikawaza sana, hadi siku moja nikaingia kwenye Fuso ya mume wangu, imeegeshwa uani, vioo vimefungwa, nikakuta joto la Lindi limekaa humo ndani linanisubiri! Nikapanga masinia yangu kwenye viti na kwenye dashibodi, nikafunga mlango, na yakakauka mpaka ukiyatikisa yanalia.

Tangu hapo, Shangazi, mimi ndiye mimi. Kila Idi napeleka sahani kwa majirani, Waislamu kwa Wakristo, na unajua sahani ya jirani hairudi tupu, basi zinarudi na maparachichi, zinarudi na mayai, na jirani anakuja nayo mwenyewe ili aulize kama yamebaki. Idi iliyopita alikuwepo mgeni mkubwa, mama wa kijana anayemwoa wifi yangu, ametoka Njombe kwa mambo ya posa, akala kipande kimoja, akala cha pili, akauliza, "Jamani, fundi wa hivi vitu ni nani?" Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi! "Ni mimi hapa," akasema, "hivi ni vya kwetu vya asili, na siku ya harusi nitakuletea sinia zima, kwa mikono yangu hii hii." Mimi nimesimama pale na birika la chai, mdomo wazi, hata nzi angepita.

Sasa harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, huko Njombe, na mama mkwe alijifungia jikoni kwake akapika mwenyewe. Alichokuwa amechungulia kwangu ni vitu viwili tu, sukari na Fuso. Maji hakumwaga hata tone. Halafu akaenda kuyakausha kwenye Fuso ya shemeji yangu, ambayo ndiyo kwanza imerudi kutoka Ludewa na mzigo wa dagaa wa ziwani, na magunia mengine shemeji aliyapakia kabini yasilowe na mvua! Wifi akaniletea kipande kwa siri nionje. Shangazi, kwanza tamu, kisha chungu, kisha dagaa. Nilikwenda chooni nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Lakini tangu siku hiyo mama mkwe anakuja jikoni kwangu kila asubuhi, hasemi shida yake, anazunguka tu, mara sukari ya siku hizi imeharibika, mara machungwa ya mwaka huu hayana akili. Na wifi yangu analia, maana mama wa mchumba wake ameshawatangazia wanawake wote wa ukoo kwamba sinia linakuja, lisipokuja yeye ataingia nyumba ile akiwa binti wa mwongo. Mume wangu anasema, "Mke wangu, pika kimya kimya, mama abebe, msitiri." Jirani yangu, Mpangwa mmoja hodari sana wa maneno, anasema nisitie hata kidole, nimwache aumbuke mchana kweupe. Nikipika kimya nimelizika jina langu mwenyewe na nitabaki mbuzi milele, nisipopika anayeaibika ni wifi, ambaye ndiye pekee hakucheka siku ile. Sitakudanganya, Shangazi, nataka mama mkwe aseme ni mimi, mara moja tu, mbele za watu. Nifanyeje? Majina yetu yaondoe tafadhali.

Mke wa Dereva, Makambako

*

Mke wa Dereva, kamwene, ndiyo salamu yetu ya huku. Majina yote nimeyaondoa kama ulivyoomba. Dagaa nimewaacha, maana bila wao barua yako ingekosa chumvi.

Pole, mwanangu, na pole hii inatoka moyoni. Kuitwa mbuzi mbele ya wapangaji si mzaha, na kusikia jasho lako likitajwa kwa jina la mwingine huku umeshika birika, hicho ni kidonda. Hongera pia. Mimi nimezaliwa Njombe, nimezeeka Njombe, ukungu wa hapa naujua, nepi za wanangu nilizikausha juu ya jiko mpaka zikanuka moshi, na magari yamejaa mjini. Halikunijia wazo la Fuso hata siku moja. Kichwa unacho.

Sasa niache nikugombeze. Ulikwenda chooni kucheka. Haya, umecheka, umetoka. Lakini mama mtu mzima anakuja jikoni kwako kila asubuhi kuisingizia sukari, wewe unajua fika amekosea wapi, na unamtazama tu! Unafikiri anakuja kufanya nini, kukagua masufuria? Anakuja kuomba, ila mdomo wake haujawahi kujifunza neno hilo. Kumwona mtu anaelekea shimoni, ukasogea pembeni ili apite vizuri, huo si ushindi. Aibu hiyo ikimwagika ukumbini itamlowesha wifi yako kwanza, kisha mumeo, kisha wewe mwenyewe, maana mnakaa uwanja mmoja.

Mumeo usimsikilize, anataka amani ya siku moja. Na huyo jirani mpe salamu zangu, ila naye usimsikilize, anatafuta sinema ya bure.

Utafanya hivi. Mama mkwe wako alisema atatengeneza kwa mikono yake. Basi mfanye asiwe mwongo. Usimpikie, mpikishe! Tafuta machungwa yenye ganda nene, mwite jikoni, mpe kisu, naye akate. Neno "nilijua tu" lisitoke kinywani mwako, hata kama ulimi unawasha. Sufuria ikichemka, ashike yeye matambara, amwage yeye, na ya pili amwage yeye, na ya tatu yeye. Akilia juu ya maji yake ya madumu, mwambie hayapotei, yakipoa mtadekia sakafu na nyumba itanukia mpaka kwa wapangaji. Mtu aliyeumwaga uchungu ule kwa mkono wake hawezi tena kusema alizaliwa anaujua ufundi huo. Na mkaushie kwenye Fuso ya mumeo, nasema ya MUMEO, siyo ile nyingine. Hiyo nyingine ioshwe.

Kuhusu jina lako, usimlazimishe kutamka. Neno la kulazimishwa halina ladha. Lakini weka sharti moja, uliweke kwa adabu na kabla moto haujawaka: "Mama, sinia hili tutalibeba wawili, wewe upande huu, mimi upande ule." Akikataa, rudisha sufuria kabatini, mwite wifi yako, mwambie ukweli wote, naye akaongee na mama wa mchumba wake kabla ya harusi na siyo siku ya harusi. Hapo mtu akikulaumu mwambie aje kwangu studio. Ila hatakataa. Mtu anayezunguka jikoni kwako hivyo, mwanangu, ameshachoka na uongo wake.

Siku zenu ni chache. Zima redio, kaoshe machungwa.

*

Barua hiyo na jibu lake nilivisoma hewani Jumanne. Baada ya harusi ukaja ujumbe huu, nausoma kama ulivyo.

Shangazi Ida, majina uliyaondoa, dagaa ukawaacha! Mama mkwe alikuwa sokoni kwa muuza nyanya, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na ulipofika pale pa "kwanza tamu, kisha chungu, kisha dagaa" muuza nyanya akaangukia tenga kwa kicheko, na mama naye akacheka ili asijulikane. Nilimwona anarudi, khanga kaikaza kiunoni, mkono hauna hata nyanya moja. Nikasema leo narudishwa Lindi. Akasimama mlangoni kwangu, akaniangalia weee, halafu akasema, "Kisu kiko wapi?"

Nikampa. Tukakata machungwa, mpaka nikapata nguvu ya kusema lile sharti la sinia, naye akajibu bila kuinua kichwa, "Nimelisikia redioni, endelea na kazi." Maji ya kwanza aliyamwaga amefumba macho, kama anamwaga maziwa. Ya pili akachovya kidole, akaonja, akatema, akasema, "Yarabi, ndicho nilichotaka kuwalisha watu harusini kwa mwanangu?" Ya tatu aliyamwaga huku anaimba. Siku ya kukausha akaweka kigoda mlangoni mwa Fuso ya mume wangu, akakaa na fimbo, na shemeji na dagaa wake hawakuruhusiwa hata kupita karibu.

Njombe tulikuta ukungu na baridi ya kung'ata masikio, lakini ukumbini kulikuwa moto, Shangazi, vigelegele, ngoma, wanawake wa ukoo wamekaa mkao wa kula. Tukaingia na sinia, mama upande huu, mimi upande ule. Mama wa bwana harusi akaondoa kawa, akachukua kipande, akatafuna polepole, akafumba macho, kisha akasema mbele ya wote, "Dada yangu, mikono yako ibarikiwe!"

Nikajiambia basi, nimeshika upande wangu, watu wameniona kwa macho, inatosha, nimsitiri. Mama mkwe akapaza sauti mpaka wapishi nje wakasikia:

"Mikono si yangu. Ni ya huyu mkwe wangu, Somoe. Nilimwita mbuzi, Mungu anisamehe. Mimi nilimwaga maji tu."

Vigelegele vilivyopigwa hapo hata bibi harusi hakuvipata. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote jinsi nitakavyoringa siku hiyo, jinsi nitakavyoinua shingo. Nikashindwa. Nikalia pale pale, mikono ikanilegea, na mama mkwe akaushika na upande wangu ili sinia lisidondoke.

Safari hii, Shangazi, jina usiliondoe.

Somoe, Makambako