Kwa Nini Sikushuka Kituoni

Ghorofa ya nne, chumba cha nyuma,
Alhamisi, 13 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kifimbo,

Hujambo, na goti lako nalo halijambo? Shemeji kikohozi kimemwacha? Mimi mzima, nala na kulala kama paka wa tajiri, ila paka hutoka nje.

Najua Jumamosi ulinisubiri kituoni ukinitukana mpaka basi la mwisho. Ulikuwa na haki. Sikiliza kwanza.

Binti yangu muuguzi bado hunifungia mlango akienda kazini, tangu siku ile nilipokosea ghorofa nikakutwa nimelala kitandani kwa mama jirani. Mwenye kitanda wala hakulalamika sana.

Basi aliposema atanipeleka hifadhi ya maua ninyooshe miguu, nikaona Mungu kanikumbuka, ndipo nikakuagizia unisubiri. Basi la kwako si linapita langoni pale pale?

Penyewe ni kinamasi. Maua ya manjano na zambarau mpaka macho yachoke, hayakupandwa na mtu, hayafungiwi na mtu. Watu hupita juu ya njia ya mbao. Mlinzi alitukanya tusikanyage nje yake. Na binti kanishika kiwiko kama mahabusu.

Tulipokaribia lango nikaitupa kofia yangu mauani, nikasingizia upepo. Akaniachia, akaenda kuifuata. Hatua ya pili tu, lile zulia la majani likammeza hadi magotini. Huku nyuma nasikia basi linanguruma, na kiwiko changu kiko huru. Akaita, si kwa ile sauti yake ya hospitali, kwa ile ya utotoni:

"Baba, usiondoke."

Miguu ikagoma, mdogo wangu. Nikalala kifudifudi juu ya mbao nikamshika mkono, mpaka mlinzi akaja na kamba. Basi likaenda zake. Kofia yangu imebaki kule na kiatu chake kimoja. Garini tukirudi aliniuliza mara moja tu ule upepo ulitokea wapi. Nikajifanya nimesinzia.

Sasa cheka. Jana kaenda kazini kasahau kufunga. Nikashinda kutwa nzima kwenye kiti nikiulinda mlango ulio wazi, hata chooni naogopa kwenda, mwizi asije akaingia.

Kitanda changu cha huko kwako usimpe mtu, lakini usikitandike kila siku.

Msalimie shemeji, na mwanao fundi viatu. Mwambie dada yake anatafuta kiatu cha kushoto. Mungu akulinde, lakini asikulinde kama ninavyolindwa mimi.

Kaka yako akupendaye, asiye na kofia.