Mkia wa Kisu Chekundu

Jumapili, 6 Juni 1993

Dada Ummy amejifungua! Mtoto wa kike, alfajiri, kabla ya adhana. Nilikuwa uani nachemsha maji nikasikia kilio – chembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Nikalia na mimi. Sijui kwa nini. Sitamwambia mtu.

Nilikuwa nimevichemsha visu vyangu vyote vitano, kama vitahitajika. Bibi yetu Sijaona akanifukuza mlangoni. "Toka na mavisu yako, unataka kumchinja nani humu?" Wanawake wakacheka. Kitovu kimekatwa kwa wembe mpya wa mkunga. Sawa. Lakini mimi nilikuwa tayari.

Akika ni Jumamosi, siku ya saba. Habari kwa shemeji Feisal, mume wa dada, zimepelekwa Dar na dereva wa lori la nazi.

Jumatatu, 7 Juni

Nimevimwaga visu kutoka kopo la biskuti nikavipaka mafuta ya cherehani. Ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote duniani. Basi, nimeandika. Wasichana wenzangu wana vipuli, mimi nina visu vya kukunja.

Cha babu, mpini wa mti, makali yamelika kwa kunolewa mpaka yamekuwa membamba kama jani la mpunga. Alikuwa akikatia tumbaku, na bado kinanukia. Kile cha samaki cha Mchina, springi imekufa. Kidogo cha kwenye funguo, chenye kimkasi. Kile kigumu, hakifungi mpaka ukibane kwenye goti. Na chekundu!

Chekundu kaniletea baba kutoka Kariakoo nilipofaulu kwenda sekondari. Hakunipa mkononi. Alikiweka kwenye mkeka akasema okota mwenyewe. Kisu hakipokewi mkono kwa mkono, watu hugombana. Nikaokota. Mama akasema, "Mtoto wa kike na visu, ataolewa na nani?" Baba akajibu, "Na mwenye kopo lisilofunguka."

Kina makali mawili, cha kufungulia makopo, cha soda, bisibisi, na mgongoni kuna mkia – chuma kilichojisokota kama kikonyo cha mboga ya maboga. Mwaka mzima hatukujua kazi yake. Mama alisema cha kuzibulia jiko la Kichina. Halafu siku moja mzee mmoja wa Mtunda alileta asali dukani kwetu, kwenye chupa, imezibwa kwa gunzi, na gunzi limezama shingoni. Baba akautazama mkia. Akalitazama gunzi. Akausokota ndani, akavuta – po! Alipiga kelele mpaka watu wakatoka msikitini wakidhani mwizi.

Tangu hapo ndiyo fahari yake. Kila mteja lazima aonyeshwe. "Mzungu ana akili! Kamtengenezea mtu wa Rufiji kisu cha asali!"

Jumatano, 9 Juni

Lazima niandike.

Tumekwenda Ndundu na baba kumpokea mbuzi wa akika, katumwa na shangazi kutoka ng'ambo ya mto. Pantoni ilikuwa imeharibika tena, foleni ya magari mpaka mbali. Baba kaenda kununua kamba. Mimi nikasimama kwenye kivuli cha Landrova nyeupe ya wazungu wawili, mume na mke, mke ana kofia ya ukili. Yule mume akatoa kisu mfukoni. Chekundu! Pacha wa changu! Nilitaka kumwambia na mimi ninacho. Kiingereza kilinijia chote, sentensi nzima, kikakwama kooni kama kawaida. Shuleni naandika vizuri tu, kusema ndiyo siwezi.

Basi nikatazama. Akautoa mkia. Akachukua chupa ya kijani. Akausokota, akavuta – po! – sauti ile ile. Mvinyo. Mwekundu. Wakaumimina kwenye vikombe vya bati, pale pale, saa nne ya asubuhi.

Pombe! Mkia ni wa pombe!

Baba alirudi na kamba, hakuona kitu. Kaniuliza mbona nimekuwa kama nimemeza mbu. Nikasema jua.

Baba huyu ndiye aliyekataa kuuza bia. Tangu biashara zifunguliwe, maduka yote ya barabarani yana friji la mafuta ya taa na bia ndani. Lake halina. Wakamcheka, wateja wakapungua, akakataa. Ndiyo maana msikitini wamempa funguo za sanduku la sadaka. Na ndiye anayetembea akionyesha watu kifaa cha walevi, ananiita mbele za wageni: "Amal, lete chenye mkia!" Na keshamwahidi Ustadh Mrisho kwamba asali ya kumwonjesha mtoto Jumamosi itafunguliwa nacho.

Nikimwambia, ataona haya mpaka afe. Kisu atakitupa mtoni. Nisipomwambia – wangapi hapa Kibiti wamewahi kuona chupa ya mvinyo? Hakuna. Basi. Nimenyamaza.

Ijumaa, 11 Juni

Yupo mmoja! Nimekumbuka leo alipoteremka kwenye lori. Shemeji Feisal. Anafanya kazi hoteli ya watalii huko Dar. Yeye amemwambia baba ni karani wa stoo, anahesabu mashuka. Lakini hata karani wa stoo huona.

Kaja na miwani ya jua na beseni la plastiki la mtoto, la waridi. Nimemwamkia, "Shikamoo shemeji." "Marahaba, mambo?" Sikujua nijibu nini. Alipombeba mwanawe miwani ilimwanguka, hakuiokota.

Baba akaanza, "Feisal, kesho nitakuonyesha kitu ambacho hata Dar hamna." Nimelificha kopo chini ya gunia la mpunga.

Jumamosi, 12 Juni

Ilikuwa hivi.

Mzee Mwinjuma, mchinjaji wa mtaa, kachinja kwa kisu chake kikubwa. Mbuzi katulia, alhamdulillahi. Kijana mmoja jirani akaja na panga kumkatakata. Bibi Sijaona akaruka kama msichana. "Wee! Mfupa wa akika hauvunjwi! Unataka kumvunja mtoto?" Nyama ya akika hutenganishwa kwenye viungo tu, mfupa ubaki mzima. Macho ya bibi hayaoni vizuri siku hizi. Akageuka. "Yuko wapi yule wa mavisu?"

Mimi!

Nikaenda kukitoa cha babu chini ya gunia. Nikaanza mguu wa nyuma. Ukiupata mshono wa kiungo, ncha inaingia yenyewe, hutumii nguvu. Watu walinizunguka wakitazama na sikuona haya hata kidogo – mara ya kwanza katika maisha yangu. Hakuna mfupa uliolia. Bibi akapapasa kila kipande kwa vidole, akasema, "Mashallah. Huyu ataolewa."

Nilifurahi nikajisahau. Kopo nililokuja nalo nililiacha wazi pale pale.

Ikafika asali. Ustadh kakaa mkekani, mtoto mapajani mwa dada, chupa katikati. Gunzi limezama. Baba akasimama, kanzu mpya, akatazama watu wote. "Amal, lete chenye mkia!"

Nikasema sijui kilipo. Baba akasema, "Si hiki hapa kwenye kopo?" Akakiweka mkekani mbele ya shemeji. "Haya, baba mtoto. Tuone kama karani atagundua kazi yake."

Feisal akakiokota. Naapa hakukitazama. Kidole chake kiliutoa mkia chenyewe. Chupa akaibana mkono wa kushoto, akasokota mara tatu nne, akavuta taratibu – po! – pole, ya kistaarabu. Akafuta mdomo wa chupa kwa ncha ya shuka. Halafu, Mungu wangu, akalipeleka gunzi puani akalinusa, akainama kidogo kwa Ustadh, mkono mmoja mgongoni, akamimina tone moja kijikoni na kuizungusha chupa asali isidondoke.

Karani wa mashuka!

Macho yetu yakakutana. Akajua ninajua. Nami nikajua anachofanya Dar: anawafungulia watalii chupa za mvinyo. Jasho lilimtoka.

Ustadh akasema taratibu, "Mbona umelinusa?"

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema, "Asali iliyochacha hujulikana kwa harufu, Ustadh." Mbele ya watu wote! Mimi!

Ustadh akaitikia kwa kichwa. "Kweli. Mtoto asipewe iliyochacha." Akamgusa midomo. Mtoto akalamba, akakunja uso, akalamba tena. Baba akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema Feisal ana mikono ya adabu, kumbe stoo wanafunzwa vizuri.

Baadaye shemeji kanifuata jikoni. Kakiweka kisu kwenye kinu, hakunipa mkononi. Nikamuuliza, huku natazama moto, kile ni cha nini. Akajibu, "Dar ni kitu kingine, shemeji. Hapa ni cha asali." Halafu: "Anatafuta kazi nyingine, usimwambie dada yako." "Nani?" "Karani."

Nampenda shemeji yangu. Basi, nimeandika na hilo.

Jumapili, 13 Juni

Naandika hapa dukani, nyuma ya magunia. Mambo yamekuwa makubwa.

Ustadh anataka na yeye kisu kama changu, cha chuo chake cha Kurani, kwa asali ya watoto. Mzee Mwinjuma pia. Baba kaagiza dazeni nzima Kariakoo! Na asubuhi kaniletea ubao na chaki. "Andika, wewe uliyesoma. KISU CHA ASALI. Na Kiingereza chini, magari ya pantoni yapate kusoma." Nimeandika, na chini HONEY KNIFE. Herufi nzuri, kubwa. Kautundika mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama, hajui neno moja la pale chini, akasema, "Maneno matamu."

Shemeji yuko kibarazani anasubiri lori la kurudi Dar. Kausoma. Kaziba mdomo kwa miwani asionekane anacheka.

Gari limesimama. Landrova nyeupe.

Ni wale wa pantoni. Mke ana kofia ile ile. Wamesimama chini ya ubao, wanasoma, wanatazamana. Baba keshatoka na chekundu mkononi, uso wote meno, anautoa mkia, anaonyesha chupa ya asali. Mzungu anatia mkono mfukoni. Anatoa cha kwake. Anacheka, anasema maneno mengi, na la mvinyo nimelisikia.

Baba anamtazama shemeji. Shemeji anazitazama ndala zake. Kiingereza cha hoteli, akikisema hapa, watajua si karani.

"Amal! Njoo unitafsirie mwanangu, anasemaje huyu bwana?"

Sentensi ninayo. Si aliyoisema mzungu. Nyingine, ya asali.

Nakuja, baba.