Gari Nililolionja

Momade mwanangu,

Nianze kwa kukugombeza, salamu zitafuata. Ramadhani imepita, Idi imepita, korosho mmeokota mmemaliza, na wewe hujakanyaga Palma. Mara ile ulipokuja ulikunywa uji umesimama, chapa, basi lile dogo la abiria, inakupigia honi mlangoni kama vile umeniibia kitu. Kutoka Diaca kuja huku si safari ya Maka! Atija, jirani yangu mshona nguo anayeniandikia, anasema nipunguze ukali. Nimemwambia aandike.

Haya, hujambo? Kifua kimepona? Mkeo anakusugua mafuta ya nazi? Mimi mzima, ila magoti yamegoma. Siwezi tena kukunjwa ndani ya chapa katikati ya magunia mpaka kwako. Ndiyo maana mwanao Sumail alipopata gari la kununua nilifurahi kuliko yeye. Alisema, "Bibi, safari ya kwanza nakupeleka kwa baba. Abiria baadaye." Siku hiyo hiyo nikafunga mkeka wangu.

Tukaenda kulitazama. Jeupe, linang'aa, viti vimevishwa vitambaa vipya. Mwenyewe hakuficha karatasi. Alimwonyesha Sumail livrete, kile kijitabu cha gari, kina muhuri kwamba gari liliwahi kuandikwa limekufa, likatengenezwa, likaruhusiwa tena barabarani.

"Liligongwa nyuma tu," akasema. "Fundi amenyoosha bodi, basi."

Sumail akaitikia kwa kichwa kama anayejua.

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Mwanangu, nilikaa! Magoti yamenyooka, mgongo umetulia. Nikafumba macho nikakuona unatoka mlangoni kwako unafunga kikoi. Hapo ndipo harufu ikanijia. Si ya petroli. Ni ya pweza aliyekaushwa vibaya, na pweza mimi nimekausha tangu sijaota meno mpaka sasa yameng'oka. Nikainua zulia, nikapitisha kidole kwenye vyuma vya chini ya kiti, nikaonja. Chumvi.

Hakuna aliyeniona. Ningenyamaza, leo ningekuwa nimekaa kwako. Na nakuambia kweli, nilinyamaza. Nilimeza mate yale nikaitazama barabara kupitia kioo, kitambo. Kisha nikamwona Sumail kule mbele ameushika usukani kwa mikono miwili, kama amepakatishwa mtoto mchanga. Nikasema, "Hili halikugongwa. Hili lilizama baharini."

Mwenye gari akacheka. "Bibi, gari halionjwi kama mchuzi! Pwani hii chuma gani hakina chumvi?"

"Chumvi ya upepo hukaa nje. Hii imelala chini ya zulia. Njoo uonje nawe."

"Bibi, unaniaibisha," Sumail akaninong'oneza. Lakini aliinama, akachungulia chini ya kiti. Nyaya zote zimeota kutu ya kijani. Akamrudishia yule mtu livrete yake.

Basi gari hatukununua. Sumail hanilaumu, ila alikwisha kuwatangazia wenzake wote, sasa anawaonea haya, na mimi ananikwepa. Siku tatu amekula nje. Jana aliniletea changu mmoja, akamweka kizingitini akaondoka. Nikamkaanga, nikamla peke yangu. Samaki hana mazungumzo, Momade. Mchana nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia kuku wa Atija wakinywa maji. Mkeka wangu bado umefungwa, umeegemea ukuta. Nikiufungua nitakuwa nimekubali kwamba siji, kwa hiyo nalala kwenye jamvi la kuanikia mihogo. Atija anafuta macho, nimemwambia aache, atalowesha karatasi.

Nisalimie mkeo, mkwe wangu mvumilivu. Nisalimie dada yangu Fatima aliyekulea nilipokuwa mgonjwa, mwambie mkono wake wa kupika wali haujapata mfano huku. Kaka yako Anlaue mwambie mguu wake ukipona hana udhuru tena wa kutokuja kuniona. Sumail mwandikie wewe, wewe ni baba yake. Mwambie gari litapatikana, asile tena nje.

Ni mimi mama yako niliyekubeba mgongoni, Muanaacha.

Atija alishaanza kukunja karatasi, nimemzuia. Ukija, mlipe dereva wa chapa, kisha mwambie aende zake. Vua viatu. Nataka nilisikie gari likiondoka, na wewe umeketi.