Kenge wa Baba Mkubwa

Nyumba ya Juu,
Nyuma ya Mashine ya Kusaga.
Jumatano, tarehe 6.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wifi na hao watoto ambao nasikia wamerefuka mpaka mlango unawapiga kichwani. Hamjambo lakini? Kikohozi cha wifi kimeisha, au bado anakunywa zile dawa za jirani yenu? Mwambie awe mwangalifu. Mtu anayegawa dawa bure mimi simwelewi.

Sisi huku hatujambo, kama kutojambo ni kuamka na kutembea. Goti langu linauma asubuhi, likipata jua linatulia. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kifuani, na nyani wanalijua shamba kuliko mimi niliyelilima. Wiki iliyopita nilimkuta mmoja saa nne asubuhi, amekaa katikati ya mistari, ananitazama kama mimi ndiye niliyekuja kuiba. Nikampigia kelele. Akamaliza kwanza kula, ndipo akaondoka.

Seremala naye ameanza kunisalimia kwa heshima mno. Zamani alikuwa anainua mkono tu, siku hizi anavua kofia na kuniuliza habari za mbuzi wangu mmoja mmoja. Sijajua bado anataka nini, ila zizi nimelitia kufuli.

Barua hii nitaipiga gundi mara mbili na kumkabidhi dereva wa lori la mbao mkononi. Ukiikuta imefunguliwa usimlaumu dereva, mtazame utingo wake.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Linamhusu Baba Mkubwa. Najua ni baba yako wa kukuzaa, lakini ndiye aliyenilea mimi tangu baba yangu afariki, kwa hiyo vumilia maneno yangu hata yakikuchoma.

Unaukumbuka utaratibu aliouweka alipoacha kazi ya uaskari wa wanyamapori akawa mwenyekiti wetu. Ukiona unyayo usioujua, unaufunika kwa karai, unaweka jiwe juu, unamwita. Yeye anafunua na kumtaja mnyama. Kuugusa ni mwiko, kwa sababu kwake unyayo haushikwi, unatazamwa. Akisema ni mnyama mkali, karani anaandika barua, muhuri unagongwa, askari wanakuja. Akisema si kitu, karai linarudi jikoni. Miaka ishirini na mbili hajakosea hata mara moja, na sisi tukazoea kuacha macho yetu nyumbani.

Majuma mawili yaliyopita nilishuka mtoni kabla ya wenzangu. Ng'ombe walikuwa wameshapita na kuvuruga ukingo wote, ila unyayo mmoja ulibaki kwenye tope laini, mpana kuliko kiganja changu, kucha zimezama. Nikaufunika, nikapanda kumwita.

Akaja na karani wake kama kawaida. Akatuambia tukae mbali tusiharibu tope. Akainama, karani naye akainama karibu na sikio lake, kisha mzee akajinyoosha na kusema ni kenge. Wanawake wakacheka, wakachota maji. Mimi sikucheka. Kenge wa unyayo ule angekuwa anakula ndama.

Nilitaka kusema neno, lakini nimkanushe vipi mtu aliyenifundisha mwenyewe kutofautisha fisi na mbwa? Binti yangu, huyo mpwa wako, akaendelea kushuka pale asubuhi na jioni na ndoo yake.

Siku ya sita mbwa wa fundi cherehani alikwenda kunywa maji, hakurudi. Wakasema mto umemchukua. Maji ya magotini yamchukue mbwa aliyekulia mtoni? Hapo nikaanza kumchunguza karani. Tanuri lake la matofali liko palepale ukingoni, na matofali hayafyatuliwi kwa mate. Askari wakija wakaufunga mto, kazi yake imelala. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako, huyu ndiye anayemlisha mzee maneno. Nilimfuatilia siku mbili nzima. Nilichopata ni kujua kwamba anavuta sigara kwa kumficha mkewe.

Basi nikafanya jambo ambalo naona aibu kukuandikia. Alhamisi, karani akiwa tanurini, nilichagua mahali kwenye tope palipo laini, pasipo alama yoyote. Nikapafunika kwa karai, nikaweka jiwe, nikaenda kumwita Baba Mkubwa peke yake. Nilitaka nimsikie akitaja mnyama bila mtu sikioni.

Akaja na fimbo yake. Nikafunua karai. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akavuta pumzi kama zamani alipokuwa anafikiri.

"Kenge yuleyule," akasema. "Mwacheni, hana neno."

Mdogo wangu, pale chini hapakuwa na kitu. Nilisimama na karai mkononi nikimtazama macho yake, nikaona kwamba hayajanifikia. Nilimshukuru nikamwambia asante, Baba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa karani, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akaketi juu ya matofali yake mabichi, akayaharibu, hata hakujali. Akaniambia mwaka wa pili sasa yeye ndiye macho ya mzee. Anamsomea barua, anamwekea mkono mahali pa kugonga muhuri, anamnong'oneza nyayo. Siku ile alimwambia vidole vitano na kucha. Ukubwa alisahau kuutaja, na mzee hakuweza kuuliza mbele ya watu. Yeye anajua matofali, habari za wanyama hazijui. Kumbe vidole vya mamba na vya kenge ukivihesabu tu vinafanana. Alilia, mimi dada yako nikamwombea maji kwa mkewe.

Sasa sikia ubaya wangu. Kuanzia siku ile binti yangu nilimkataza mtoni, nikampeleka kwenye bomba la shule, mbali kule. Wenzangu sikuwaambia. Nilikata miiba nikaitupa njiani, wakaiondoa, wakamtukana mchunga ng'ombe wakidhani ni yeye. Siku nne nzima niliwaona wakishuka na watoto mgongoni, nikawaitikia salamu. Niliogopa kumvua nguo mzee wangu mbele ya kijiji. Wa kwangu nimemficha, wa wenzangu nimewaacha. Mungu anisamehe.

Jana mchana Baba Mkubwa aliniita kibarazani. Mama Mkubwa akatumwa kutafuta kitu ambacho nadhani hakipo. Akaniuliza chini ya karai niliweka nini. Nikamwambia sikuweka kitu, Baba. Akacheka kidogo. Nilipomwambia habari ya mbwa na ukubwa wa ule unyayo, akaufunika uso wake kwa mikono.

Nilimwuliza ni nani mwingine anajua. Akakutaja wewe.

Akasema alikuambia mwaka juzi mlipokuja kumzika Bibi, na akakuapisha. Nilibisha. Mimi ninayejulikana ukoo mzima kwa kushuku, nilibisha kwa ajili yako. Halafu nikakumbuka kwamba ulipofika kwako tu ulimtumia redio, na magazeti uliyokuwa unamletea kila safari ukayaacha. Nilisema mjini pamemfanya mwanetu bahili. Kumbe ulijua. Nimekukasirikia, sitaficha, na hasira yenyewe nusu ni yangu mimi, maana siku nne zangu na miaka yako miwili ni watoto wa mama mmoja.

Barua ya kuwaita askari wa wanyamapori inaondoka na lori hilihili. Muhuri kaugonga mwenyewe, mimi nimeshika karatasi tu. Na tangu asubuhi ya leo amebeba kigoda chake akakaa kwenye njia ya mtoni, anawarudisha watu wote. Anawaambia amebadili mawazo, basi. Sababu haisemi. Watu nao wameshaanza. Mmoja anasema mzee ana watu wake anaowatafutia ule ukingo. Mwingine anasema akili zimekwenda. Fundi cherehani kamwuliza usoni kalipwa nini.

Jumamosi ya wiki ijayo kuna mkutano wa kijiji. Ameniahidi atasema ukweli wote kwa kinywa chake na kuuacha muhuri mezani. Ameomba jambo moja tu, kwamba wa kumpeleka mbele ya watu awe mwanawe. Hataki kuongozwa na karani, na mimi kanikataa. Kiapo chako amekifuta, ameniambia nikuandikie hivyo, kwa hiyo hilo usilitafutie kisingizio.

Nakuandikia kutoka dirishani, namwona kule chini. Anainua fimbo kila akisikia ndoo. Anawazuia watu asiowaona wasiende kwa mnyama asiyemwona, na jua limeshamkuta kichwani.

Mama Mkubwa anakusalimu, binti yangu anakusalimu, shangazi wa mashineni anakusalimu na kuuliza kama bado unakula haraka. Karani ameniomba nimtaje, namtaja. Msalimie wifi sana na uwabusu watoto. Nilipomwuliza Baba Mkubwa kama ana salamu za kukuletea, alisema hana, anakungoja.

Mungu akufungulie njia, na uipite.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia,
Askari wa Zamu, kama mlivyozoea kuniita.